Picha Mbili za Mama Chiriku

Kitaluni, Jumamosi, 3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Chiriku hajambo. Miche haijambo. Mimi ndiye ninayekuandikia.

Nimekaa chini ya wavu wa kivuli, wenzangu wamelala juu ya magunia baada ya chakula cha mchana, na maji yanadondoka kutoka kwenye mpira uliotoboka ambao kila mtu anasema atauziba kesho. Saa kama hii kitalu chote huwa kinasinzia. Hata mimi sina hakika kama niko macho. Nikiangalia mikono yangu naona vitundu vya mwanga vinatembea juu yake, na nikihama, vinabaki chini. Usoni haviniachi, Dada. Huko kivuli kimeniganda.

Sikukuambia mapema kwa sababu niliona haya. Yalianza nikiwa na mimba. Mabaka, rangi ya chai iliyokolea, moja kila shavu, na jingine juu ya mdomo, kama nimekunywa kitu nikasahau kujifuta. Wanawake wa kliniki walinicheka, wakaniambia yataondoka pamoja na mimba. Haya, mimba imeondoka, sasa ina meno na inatembea ikishika ukuta, na mabaka yako palepale. Kila msimu wa jua yanaongezeka weusi.

Msusi wangu amenipa kikopo cha krimu. Hakina jina. Wiki za kwanza nilidhani nimepona, uso ukang'aa mpaka mwangalizi wetu akaniuliza kama nimehamia mjini. Sasa unawaka moto nikitoka nje, na nikipitisha siku bila kupaka, mabaka yanarudi yakiwa yamekasirika. Kwa hiyo napaka.

Unajua kwa nini. Daraja wanalojenga huko milimani linakaribia kuisha na baba Chiriku atarudi. Aliondoka nikiwa na tumbo dogo na uso safi. Kila nikianza kumwandikia habari hii, najikuta namwandikia habari za mvua. Wewe unayeshinda na nyuso za watu, niambie, mtu huanzaje?

Ni mimi mdogo wako,
Mama Chiriku

*

Studio, Jumatatu, 12 Februari

Mdogo wangu,

Kitupe hicho kikopo. Kitupe leo, hata kabla hujamaliza kusoma barua hii, kisha urudi uendelee.

Msusi amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Maharusi wenye vikopo vya namna hiyo wanakuja hapa kila wiki. Nawatambua wakiwa bado mlangoni: mashavu mekundu, vishipa vyembamba kama nyuzi, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kwa sababu huko krimu haikufika. Mmoja alilia kwa sababu taa zetu tu zilimwunguza. Nenda kwa daktari wa ngozi, si kwa jirani, si kwa duka la vipodozi. Mpelekee na kikopo akione.

Unaniuliza mtu huanzaje, na mimi ni wa mwisho wa kuulizwa. Kazi yangu unaijua, lakini sijui kama nimewahi kukueleza inavyokuwa. Mzee wa studio akishapiga, filamu inaletwa mezani kwangu juu ya kioo chenye taa chini yake. Pale kila kitu ni kinyume. Nywele ni nyeupe, meno ni meusi, na kila doa la uso linaonekana kama kidirisha kidogo cha mwanga. Nachukua kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano, naziba vidirisha kimoja kimoja. Picha ikichapwa, doa halipo. Nikikaa hapo mchana kutwa nasahau niko wapi. Nyuso zinapita kama watu unaowaona ukiwa umelala ndani ya basi. Mkono unaendelea wenyewe, kama bibi anayefuma huku akisinzia.

Basi hivyo ndivyo ninavyojua nyuso. Nazijua usiku na mchana, na sijui hata moja inasema nini.

Nitumie filamu yako na mtoto, nami niwaone. Huko kwenu hakuna wa kuchapa, na mimi sijamtia Chiriku machoni.

Dada yako anayekupenda na kukugombeza

*

Kikaratasi ndani ya kifurushi, Ijumaa, 8 Machi

Dada, filamu hiyo. Mwangalizi ametupiga kwa kamera yake. Chapa picha mbili, moja yako, nyingine umtumie baba Chiriku moja kwa moja, kutoka kwako barua humfikia upesi. Yote ya ndani nakuandikia kesho kwa posta, dereva anapiga honi hapa kama mwendawazimu.

Mdogo wako

*

Kitaluni, Jumamosi, 9 Machi

Dada yangu,

Sasa nina nafasi ya kusema.

Nilikwenda. Daktari ni mama mpole mwenye miwani mikubwa, alinigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayechagua nyanya. Kikopo alikinusa, akakifungia kwenye droo yake, akasema sitakiona tena. Nilikuwa na kingine nyumbani. Hicho sikumwambia.

Amenieleza kwamba mimba huamsha rangi ya ngozi, na jua huilisha. Hakuna dawa ya kuyaondoa kwa wiki mbili. Anayeahidi hivyo anachoma. Amenipa krimu ndogo ya jioni, ya kupaka kidogo kama mbegu ya papai, baada ya kuniuliza kama bado nanyonyesha. Asubuhi na mchana napaka ya kuzuia jua, hata mawingu yakiwepo, na kofia pana haitoki kichwani. Itachukua miezi. Yatafifia, huenda yasiishe yote, na nikizembea na jua yatarudi. Nilicheka peke yangu njiani, Dada. Miaka yote nafunika miche kwa wavu, najua mche gani unahitaji kivuli kiasi gani, na mimi mwenyewe nasimama nje kichwa wazi.

Lakini alinionya kwamba nikiacha kikopo, uso utachukia kwanza. Umechukia kwelikweli. Mabaka yamekuwa meusi kuliko siku zote, na pembeni yake pamewasha na kubanduka. Chiriku peke yake ndiye hana habari. Yeye hupenda baka la shavu la kushoto. Akitaka kulala huweka kidole pale, anakizungusha ukingoni taratibu, mpaka macho yanafumba. Akikosa shavu langu, hakuna kulala nyumba nzima.

Ndiyo maana nimepiga picha sasa hivi, nikiwa mbaya kuliko nilivyowahi kuwa. Nikavua kofia, nikapangusa poda yote, nikamwambia mwangalizi apige. Chiriku amenyoosha kidole chake palepale. Maneno ya kumwambia mume wangu yamenishinda, basi picha imwambie. Akiweza kunitazama hivi, ataweza kunitazama vyovyote. Akishindwa, bora nijue kabla hajashuka kwenye basi.

Kile kikopo cha pili kiko chini ya kitanda. Nasubiri jibu lake ndipo nijue nikifanye nini. Usinigombeze.

Mdogo wako

*

Studio, Alhamisi, 14 Machi

Shemeji yangu Fundi,

Salamu kutoka mjini. Umekuwa mtu wa milimani sasa, naambiwa mawingu yanapita chini ya hilo daraja lenu na nyinyi mnapigilia mbao juu yake. Usianguke, bado tunakuhitaji.

Ndani ya bahasha kuna zawadi. Mkeo amenitumia filamu na kikaratasi cha haraka tu kwamba nikuchapie picha. Barua ndefu aliyoniahidi haijafika, posta yetu unaijua. Lakini nilipouona uso wake juu ya kioo changu, pamoja na huyo mtoto wenu, sikuweza kusubiri. Nimekaa na filamu hiyo mchana wote. Mzee wa studio alinipitia mara kadhaa akidhani nimelala. Sijawahi kumfanyia bibi harusi yeyote kazi ya namna hiyo, maana huyu ni mdogo wangu. Nimetumia karatasi nzuri.

Muweke mahali pasipo na unyevu. Wanakungoja.

Shemeji yako wa studio

*

Kambi ya daraja, Jumapili, 24 Machi

Mama Chiriku wangu,

Picha imefika. Niliifungua nimekaa juu ya mbao, miguu ikining'inia, ukungu ukinijia magotini, na kwa muda nilidhani nimeota. Nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Kila nikifungua kuchukua msumari, uko hapo. Wenzangu wanasema siku hizi nachukua misumari mingi.

Uso wako ni uleule, haujabadilika hata kidogo. Hata naona kama ndiyo siku ileile niliyoondoka, na huo muda wote katikati tumelala tu. Mtoto ana paji langu, maskini. Amekunyooshea kidole shavuni kama anataka kunionyesha kitu. Nimetazama sana. Sioni kitu, nakuona wewe tu.

Tunapigilia mbao za mwisho. Mwezi wa tano nitakuwa nyumbani.

Wako,
Fundi

*

Kitaluni, Alhamisi, 4 Aprili

Dada, Dada, Dada,

Ameniandikia! Nimeisoma barua mpaka mikunjo inataka kukatika. Anasema uso wangu ni uleule. Anasema amekiona kidole cha Chiriku, ametazama sana pale kinaponyoosha, na haoni kitu, ananiona mimi tu. Unajua mapenzi ya namna hiyo? Amenitazama nikiwa nimebanduka kama ukuta wa zamani, halafu amesema haoni kitu.

Nililia mpaka mwangalizi akaniletea kiti. Jioni nilichimba shimo nyuma ya vitanda vya miche, nikafukia kikopo cha chini ya kitanda, nikasindilia kwa mguu. Poda nayo nimeacha. Nimetembea sokoni na uso wangu na kofia yangu, na waliotaka kutoa macho wameyatoa. Krimu ya daktari napaka kwa amani sasa, bila kukimbizana na siku ya basi.

Siku hizi nikisinzia chini ya wavu naota nimelala ndani ya maji ya joto, hakuna anayenitazama wala anayegeuza macho. Ni picha uliyomtumia iliyofanya yote haya. Mungu akubarikie mikono.

Mdogo wako mwenye furaha

*

Studio, Alhamisi, 11 Aprili

Shemeji,

Barua mbili za mkeo zimenifikia siku moja, ya mwezi uliopita na ya juzi. Nimeanza na ya zamani.

Picha niliyokutumia si yeye. Mdogo wangu ana mabaka meusi usoni tangu mimba ya Chiriku. Alikuwa ameniambia, nami nilikuwa najua, na bado niliyafuta. Sijui nikuelezeje ukaniamini. Uso ulikuja mezani, vidirisha vya mwanga vikanijia kimoja kimoja, mkono ukaanza kuviziba kama unavyofanya kila siku ya Mungu. Nilipozinduka alikuwa safi, na nikafurahi. Nilidhani nimempenda. Kumbe alikuwa amekuandikia barua kwa uso wake, nikaifuta yote na kukutumia karatasi tupu.

Wewe ukamjibu kwa moyo mweupe kwamba huoni kitu. Yeye ameelewa kwamba umeona, ukaona si kitu. Kwa maneno hayo ametupa krimu iliyokuwa inamchoma, na anatembea mchana bila poda. Nikimwambia ukweli, naogopa atarudi kwa msusi. Nisipomwambia, utashuka kwenye basi ukimtafuta mwanamke niliyemchora mimi, naye atasoma macho yako kabla hujafungua mdomo.

Nimefuta risasi yote ya kalamu kwa pamba na kuchapa upya. Hii hapa, haijaguswa. Kidole cha mtoto sasa kina kitu cha kuonyesha. Nakuomba umtazame huyu kwanza. Kama kuna kushtuka, shtukia karatasi. Halafu ufanye unaloona ni la haki; mimi sina tena uso wa kukushauri.

Shemeji yako

*

Kambi ya daraja, Jumamosi, 20 Aprili

Shemeji,

Sitakudanganya, nilishtuka. Niliitazama mara moja nikaifunika na msumeno. Nikafanya kazi siku nzima vibaya, nikakata ubao mfupi, mkubwa wetu akanipigia kelele.

Nikajiuliza nimeshtushwa na nini. Mabaka? Mama yangu alikuwa nayo, na sikumbuki kama niliwahi kuyatazama. Nilishtuka kwa sababu nilikuwa nimezoea nyumba niliyoiacha, kila kitu mahali pake, mke wangu amesimama mlangoni vilevile na mkono uleule juu ya tumbo. Kumbe huko muda ulikuwa unapita, na ulikuwa unapita usoni kwake, akiwa peke yake. Mimi niko huku juu ya mawingu nasifu picha.

Siku ya pili niliondoa msumeno. Nikatazama mpaka nikaona kwamba macho ya picha hii yananitazama. Yale ya kwanza yalikuwa yanatazama tu. Sijui umeyafanyaje, maana hukuyagusa.

Simwandikii. Kwa kalamu nimeshamwambia uongo bila kujua, sitaki kuongeza wa kujua. Nimeomba ruhusa niondoke mapema. Picha zote mbili ziko mfukoni, na nitamwambia kwa mdomo wangu. Akikukasirikia, vumilia.

Fundi

*

Nyumbani, Jumapili, 12 Mei

Dada,

Nimekaa wiki nzima bila kukuandikia. Nilikuwa nimekukasirikia na nilitaka ukae ukijua.

Alikuja bila taarifa. Nilikuwa namwagilia miche, kofia kichwani, matope mpaka magotini, krimu ya jua imenifanya mweupe puani kama mchekeshaji. Nilinyanyua macho nikamwona amesimama upande wa pili wa wavu. Kwa vile vitundu vya mwanga na ule mvuke wa maji, nilidhani nimesinzia tena, nikaendelea kumwagilia. Akasema, "Mama Chiriku, unaniloanisha viatu." Akaja, akanivua kofia, akanitazama. Nilimtazama macho, Dada, nilikuwa namvizia. Hayakuruka popote. Akanirudishia kofia, akasema, "Jua kali, vaa."

Jioni tulipomaliza kula akaweka picha mbili mezani. Akaniambia yote, na la kufunika na msumeno. Nilihisi kama sakafu imeondolewa. Yale maneno niliyokuwa nimeyalalia mwezi mzima hayakuwa yangu, yalikuwa ya huyo mwingine. Nikamwambia, "Basi uliyemwambia huoni kitu ni kazi ya dada." Akasema, "Ndiyo. Wewe sasa naona kitu. Naona mabaka, naona umechoka, naona ulikuwa peke yako. Nimekuja nikiwa nimeyaona." Niliondoka mezani, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Unajua nilifikiria nini? Lile shimo. Najua lilipo, udongo wake bado laini. Nilifika mpaka ukingoni mwa vitanda vya miche.

Ndani Chiriku akaanza kulia usingizi. Baba yake, mgeni wa siku moja, hajui la kufanya, nikamsikia anambembeleza, "Mama huyu hapa, tazama, mama huyu." Kilio hakikupungua. Nikarudi mpaka mlangoni. Alikuwa amempakata mezani na kumwonyesha picha yako, ile nzuri. Mtoto aliitazama, akaisukuma, akalia zaidi. Nadhani alidhani anaonyeshwa mgeni mwingine. Baba yake akachukua ya pili. Chiriku akanyamaza. Akaweka kidole chake kwenye shavu la kushoto, kwenye karatasi, akakizungusha ukingoni mwa baka taratibu, akasema, "Mama." Akaanza kusinzia hapohapo, na machozi yakiwa bado shingoni.

Mume wangu akanitazama pale mlangoni. Nikamchukua mtoto.

Kwa hiyo hasira imekwisha, nimeona nikuambie. Shimo halijafukuliwa, nimepanda mche juu yake. Baka la juu ya mdomo limeanza kufifia, daktari amefurahi. Nimemwomba asiharakishe sana lile la kushoto, kuna mtu bado analitumia. Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Krimu na kofia naendelea navyo, na fundi wangu ananitengenezea kibanda cha kivuli mahali pa kupandia, amepima mara mbili kwa kuwa ule ubao mfupi bado unamuuma.

Filamu nyingine nitakutumia, sisi watatu. Ukaukalie huo mkono wako, usifute kitu.

Picha ya pili tumeitundika juu ya kitanda cha Chiriku. Ya kwanza nimekurudishia ndani ya bahasha hii. Iweke dirishani pa studio, watu waone kazi yako, ni nzuri kweli. Hapa kwetu hakuna anayemjua.

Mdogo wako,
Mama Chiriku